Mashine ya gemu ya PS5: ya diski au isiyo na diski? Nanunua wiki hii

Mwana_Kondele: Wakuu, pesa iko tayari. Dukani hapa Kisumu wanasema ile isiyo na mahali pa diski ni nafuu, gemu unashusha kwa intaneti. Nichukue gani?

Baba_Taji: Nafuu kwa shilingi ngapi? Ya nyumbani au ya biashara? Una waifai au bando? Uliza swali zima, kijana.

Nyakach1: Diski. Nikiichoka nauza, ama nabadilishana na jirani. Ya kushusha utamuuzia nani?

Osiepe: Mimi niliumwa. Nilikuwa na gemu kumi na moja, nimenunua mojamoja kila mshahara. Jumamosi ndugu yangu mdogo akatukana mtu kwenye mechi ya mtandaoni, kwa akaunti yangu. Asubuhi nawasha: akaunti imefungwa. Kufungiwa kucheza na watu, sawa. Lakini hata zile za kucheza peke yangu zikakataa kufunguka! Nikaandika barua pepe tatu, majibu yakaja matatu, neno kwa neno yaleyale. Dogo mpaka leo anasema, "Lakini yule ndiye alianza."

Min_Atis: Pole. Ila mlevi akileta fujo baa hutolewa nje, hanyang'anywi viatu.

Mdadisi_Nax: Diski nayo si dawa. Kampuni ya Ubisoft walizima seva za gemu yao The Crew, isiyochezeka bila mtandao, mwisho wa Machi 2024, na wenye diski wakabaki na cha kufunikia kikombe. California tangu Januari 2025, ukimwandikia mteja "nunua" lazima umwambie wazi kwamba anapata leseni tu, yaani ruhusa ya kutumia.

Nyakach1: California si Kondele ya Kisumu.

Mdadisi_Nax: Tuna sheria ya kulinda watumiaji ya 2012.

Nyakach1: Na wakili utamlipa na nini, pad ya kuchezea?

Fundi_Kompyuta: Nunueni kompyuta. Kwa GOG, duka la gemu la mtandaoni, unashusha faili la gemu, unaliweka kwenye flashi, yamekwisha.

Baba_Taji: Hakuna aliyeuliza kompyuta. Mwenye uzi yuko wapi?

Mwana_Kondele: Niko. Ni ya kibanda cha gemu, mbao (shilingi ishirini) kwa mechi. Waifai sina, nawasha hotspot ya simu.

Baba_Taji: Sasa ndiyo unasema! Gemu moja ni GB hamsini na zaidi, kwa hotspot? Chukua ya diski.

Mdadisi_Nax: Na usome leseni. Inasema matumizi binafsi, si biashara.

Osiepe: Basi vibanda vyote vya Kenya vifungwe.

Min_Atis: Mbao bado iko? Huku Nakuru ni thelathini.

Mwana_Kondele: Thelathini watoto wanahamia kwa jirani. Kuna fundi wa pad hapa? Yangu nikiiweka mezani, mchezaji anatembea kushoto mwenyewe mpaka anatoka uwanjani.