Kuokota mbegu za mialoni Virginia: zipi zinafaa?

Mkulima_Ugenini: Wakuu, idara ya misitu ya Virginia, jimbo la Marekani, hupokea kila mwaka mbegu za mialoni (miti ya oak) kutoka kwa wananchi ili ioteshe miche. Nachaguaje nzuri, na nazitunzaje mpaka nizipeleke?

Babu Kitalu: Okota chini ya mti uliosimama peke yake uwanjani, ili ujue ni aina gani. Usichanganye aina, na andika jina juu ya mfuko. Zile za kwanza kabisa kudondoka ziache, nyingi zina fukusi. Kitundu kidogo cha duara maana yake funza ameshatoka. Ng'oa vikofia, mimina mbegu kwenye ndoo ya maji: zinazozama chukua, zinazoelea tupa. Ila zikiwa zimelala juani siku kadhaa, hata nzima huelea, basi loweka usiku kucha kwanza.

Dada wa Miche: Adui mkubwa ni ukavu. Hii si mahindi, ukiianika umeiua! Tumia mfuko unaopitisha hewa; nailoni iliyofungwa huleta joto na ukungu. Peleka upesi.

Mkulima_Ugenini: Nikitaka kubakiza chache nipande mwenyewe?

Babu Kitalu: Mwaloni mweupe (majani yenye ncha za mviringo) huota vuli hiyohiyo, panda mara moja. Mwekundu, wenye ncha kali, unataka baridi kwanza: friji, mchanga wenye unyevu, mpaka machipuko ya Machi. Fukia sentimita 2 hadi 3, ukiilaza ubavu. Funika kwa wavu wa chuma, la sivyo umewapikia kindi.