Je, serikali ya Marekani ina sababu ya haki ya kuficha taarifa za vitu visivyotambulika angani?

Mwanzisha mada:
Ndugu zangu, Julai 2023 David Grusch, aliyekuwa ofisa wa ujasusi, aliliambia Bunge la Marekani chini ya kiapo kwamba, kwa mujibu wa watu aliowahoji, serikali inahifadhi mabaki ya vyombo visivyoundwa na binadamu. Wizara ya Ulinzi ilikanusha. Kama kweli hakuna kitu, kwa nini majalada yote yasifunguliwe?

Mchangiaji wa kwanza:
Ndugu, mara nyingi kinachofichwa si kitu kilichoonekana bali chombo kilichokiona. Picha ya video iliyopigwa na ndege ya kivita humfunulia adui uwezo wa kamera na rada, hata kama kilichonaswa ni puto tu. Kadhalika, CIA ilieleza mwaka 1997 kwamba taarifa nyingi za vitu hivyo za miaka ya 1950 na 1960 zilitokana na safari za siri za ndege za upelelezi za U-2, ambazo ziliruka juu kuliko watu walivyodhani kuwa inawezekana.

Mchangiaji wa pili:
Hoja hiyo naikubali nusu tu, kwa sababu mfano wako unathibitisha kwamba wananchi walipewa maelezo ya uongo kwa makusudi. Mabaki yaliyookotwa mwaka 1947 karibu na mji wa Roswell, Marekani, ambayo wengi waliyadhania kuwa ya chombo kisicho cha dunia hii, yalitajwa kuwa ya puto la hali ya hewa, na ni mwaka 1994 tu Jeshi la Anga lilipoyahusisha na Mogul, mradi wa siri wa kunasa sauti za majaribio ya nyuklia ya Wasovieti. Aliyedanganywa kwa miongo minne na zaidi hawezi kulaumiwa akikataa kanusho la leo. Ufaransa, ambayo shirika lake la anga za juu limechunguza matukio haya tangu 1977, iliweka majalada yake kwenye intaneti mwaka 2007, na sijaona usalama wake ulivyodhurika.

Mchangiaji wa tatu:
Tatizo hasa ni nani anayeamua. Mwaka 2023 maseneta Schumer na Rounds walipendekeza bodi huru ya kupitia kumbukumbu hizo, lakini sheria iliyopitishwa iliagiza zikusanywe kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, bila bodi hiyo. Hivyo idara zenye siri ndizo zinazoendelea kupima kipi kitolewe. Siri za rada zilindwe, naam, ila mlinzi wa siri asiwe pia hakimu wake.

Mwanzisha mada:
Nashukuru. Basi swali langu nalielekeza kwa wabunge walioiondoa bodi hiyo: ni hatari gani waliyoiona ndani yake?