Nitajuaje idara ya hisabati inaendeshwa vizuri kabla mdogo wangu hajaomba chuo?

Mwana Ngamiani
Wanajamvi, habari za jioni. Niko Tanga. Mdogo wangu wa kike kamaliza kidato cha sita, PGM (fizikia, jiografia na hisabati), anataka shahada ya hisabati yenyewe, si ya ualimu. Tumebaki na vyuo viwili, vyote vinatambuliwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Hofu yangu ni uendeshaji. Cha kwanza, mmoja kaniambia matokeo yanachelewa, mwingine kasema ilikuwa mwaka ule tu. Cha pili kinasifiwa, ila anayekisifia kamaliza zamani. Mama anauza samaki pale Deep Sea na ada inatoka humo. Nipimeje?

Binti Pangani
Dada, niko mwaka wa 3, hisabati. Usiishie kwenye prospekta, tafuta ratiba ya muhula uliopita. Prospekta yetu ina topolojia na masomo ya hiari kibao, lakini ratiba ilitoka na mawili tu, wahadhiri wengine wako masomoni. Uliza pia kama alama za majaribio zinabandikwa kabla ya mtihani wa mwisho. Kwa vyuo vingi alama hizo zina uzito wa 40 kwa 100. Zikibandikwa baadaye, na jaribio lako halionekani, utashinda kwenye korido za ofisi wenzako wakiwa likizo.

Ticha wa Hesabu
Hili lina hesabu yake. Mwaka 1965 Lotfi Zadeh wa Berkeley, Marekani, alichapisha makala kuhusu seti ambazo kitu kinaweza kuwa ndani yake kwa kiwango fulani, kuanzia 0 hadi 1. "Idara inayoendeshwa vizuri" ni seti ya namna hiyo. Tuseme walimu 0.9, ratiba 0.8, matokeo 0.3. Wastani ni kama 0.67, chuo kinapendeza. Lakini pale unapotaka hiki NA kile kwa pamoja, Zadeh alichukua kiwango cha chini kabisa, yaani 0.3. Kwa mwanafunzi wa mkopo ndivyo ilivyo: matokeo yasipofika Bodi ya Mikopo, fedha za mwaka unaofuata zinakwama, hata afundishwe vizuri namna gani.

Mzee wa Raskazone
Hizo 0.9 na 0.3 mnazitoa wapi? Mtu kapigwa sapu, mtihani wa marudio, kwake chuo kizima kibovu.

Ticha wa Hesabu
Shikamoo mzee. Ni kweli, ndiyo maana asiandike namba moja. Aandike ya chini na ya juu, kwa kuwasikiliza walioko chuoni sasa hivi, waliofaulu na waliokwama. Wakipishana sana, 0.3 hadi 0.8, hapo ndipo pa kuuliza zaidi. Wakikaribiana, aendelee na kipengele kingine. Mwisho alinganishe vyuo kwa zile namba za chini.

Mwana Ngamiani
Nashukuruni sana. Nimekaa na mdogo wangu tumejaza. Chuo cha kwanza, matokeo 0.4 hadi 0.6. Cha pili, ratiba 0.2 hadi 0.9, hatujui kitu pale. Aliye mwaka wa 2 au wa 3 hisabati, popote, anicheki inbox nimtajie chuo. Kama ni chake, naomba picha ya ratiba ya muhula uliopita kabla dirisha la udahili halijafungwa.