Ikiwa haya ni malipo, mbona sisi tunaodai hatujalipwa? Je, mnaamini karma?

Mwana wa Mapipa

Ndugu zangu, naomba mnisaidie kufikiri, kwa sababu jambo hili limeninyima usingizi tangu kikao cha ukoo cha mwezi uliopita.

Baba yetu alifariki mwaka 2009, na baba mdogo akateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Miaka miwili haikutimia kabla nyumba ya Magomeni Mapipa haijauzwa, na mama pamoja na sisi watoto wanne tukahamia chumba cha kupanga Mbagala bila kuonyeshwa hata karatasi moja ya hesabu. Mama hakushtaki mtu. Alisema tu kwamba malipo ni hapa hapa duniani, akhera ni hesabu. Leo baba mdogo amelala Tandika, upande wote wa kulia umepooza kwa kiharusi, maneno yanamtoka kwa shida, na wanawe huonekana kwa nadra. Katika kikao kile shangazi alisema kwa sauti, "Hiyo ndiyo karma," na watu wakaitikia kwa vichwa. Sitawaficha: mimi pia nilifurahi, kwa muda wa nusu saa hivi.

Nilipokuwa ndani ya daladala kurudi nyumbani ndipo nilipoanza kupiga hesabu, na hesabu ikakataa. Ikiwa ugonjwa huu ni malipo, aliyelipwa ni nani? Nyumba haijarudi, na mama bado anaamka saa kumi za usiku kukaanga maandazi. Anayetaabika zaidi kuliko hata mgonjwa ni mama mdogo, anayemgeuza usiku na kufua mashuka kila siku, na huyo ndiye aliyekuwa akituletea unga wakati ule, kaufunga ndani ya kanga ili mumewe asijue.

Sasa mama mdogo ameniomba nichangie gharama za mazoezi ya viungo, mara mbili kwa wiki. Shangazi anasema nikitoa fedha nitakuwa ninaingilia malipo ya Mungu. Mama nilipomuuliza alisema mimi ni mtu mzima, niamue. Je, ninyi mnaamini karma, na kwenu ina maana gani?

Fremu ya Mtaa wa Kongo

Mimi naamini, lakini karma yangu haishuki kutoka mbinguni. Inapita mdomoni mwa watu. Hapa Kariakoo biashara kubwa huenda kwa mali kauli: unapewa mzigo leo, unauza, unaleta fedha kwa tarehe mliyokubaliana, na dhamana yako ni jina lako tu. Nimemwona kijana aliyechukua marobota ya vitenge kwa watu watatu tofauti, akazima simu na kutoweka. Aliporudi baada ya miaka miwili hakuna aliyempiga wala kumpeleka polisi. Aliingia duka hadi duka, akakaribishwa kiti na maji ya kunywa, na kila mahali akaambiwa mzigo umekwisha, huku mzigo umepangwa hadi darini. Mwishowe akawa winga, anawatafutia wateja wale wale aliowatapeli.

Hata hivyo, ili nisiwe mwongo, niseme kwamba namfahamu na mwingine aliyetudhulumu zaidi ya huyo, akahamia mkoa wa mbali ambako hakuna anayemjua, na huko amejenga ghorofa. Labda karma yake bado inatafuta nauli ya basi. Kwa hiyo ninachokiamini hufanya kazi pale ambapo watu wanajuana na wanakumbuka; penye wageni watupu sina hakika nacho. Kuhusu baba yako mdogo, watoto wake kutoonekana naweza kusema ni malipo, kwa kuwa walikua wakitazama jinsi baba yao anavyowatendea ndugu. Kiharusi siwezi.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Kiharusi mara nyingi huletwa na presha isiyotibiwa, na kisukari na sigara huongeza hatari. Katika wadi nilimofanya kazi nimewahudumia walimu wa madrasa, wazee wa kanisa na bibi mmoja aliyelea yatima, wote wakiwa wamepooza kama baba yako mdogo, na karibu kila familia hufika siku ambayo mtu huniuliza kwa kunong'ona, "Hivi alikosa nini huyu?"

Swali hilo limewahi kuchunguzwa. Mwaka 1966 wanasaikolojia wa Marekani Melvin Lerner na Carolyn Simmons walichapisha jaribio ambamo watu walimtazama mwanamke akionekana kupigwa shoti ya umeme kila alipokosea jibu, ingawa kwa kweli alikuwa akiigiza. Watazamaji walioamini kwamba mateso yangeendelea, na kwamba wao hawana la kufanya, ndio waliomshusha hadhi yule mwanamke na kumwona kuwa mtu asiyependeza. Lerner alieleza kwamba binadamu tunataka dunia iwe ya haki, na tunaposhindwa kuirekebisha tunamgeuzia kosa anayeumia. Nikikumbuka kikao chenu, naona shangazi yako si mtu mbaya. Amechoka kungoja haki, basi akaiokota ilipomwangukia.

Mazoezi yasicheleweshwe. Mkono usiponyooshwa mapema hukakamaa.

Binti wa Kisutu

Nimezaliwa katika familia ya Kihindu, hatua chache kutoka mtaa wenye mahekalu yetu hapa mjini, na kila ninaposikia neno hili likitumiwa kwa maana ya "umekipata ulichokitafuta" hujisikia kama mtu aliyeazimwa sahani akarudishiwa kigae.

Karma kwa Kisanskriti ni tendo. Wazee wetu husema kwamba kila tendo huacha athari kwa mtendaji, ila athari hizo hazikomi katika maisha haya. Kuna akiba iliyokusanywa katika maisha mengi yaliyopita, inayoitwa sanchita. Kuna sehemu ya akiba hiyo iliyokwisha kuiva na ambayo ndiyo tunayoiishi sasa, prarabdha. Na kuna ile tunayoitengeneza leo kwa mikono yetu. Ukiyachukua mafundisho hayo kwa uzito wake, basi hakuna binadamu awezaye kusimama kikaoni na kusema kwamba kiharusi hiki ni bei ya nyumba ile ya Mapipa. Marehemu bibi yangu, aliyefunga kila ekadashi, siku ya mfungo ya Kihindu, mpaka uzeeni, asingethubutu. Katika Bhagavad Gita, kitabu chetu kitakatifu, sura ya 2, aya ya 47, mungu Krishna anamwambia shujaa Arjuna kwamba haki yake iko katika tendo, haiko katika matunda ya tendo. Kwa hiyo ugonjwa wa baba yako mdogo haukuhusu kuupigia hesabu, lakini fedha uliyoombwa inakuhusu, kwa sababu kuitoa au kuizuia ndiyo karma yako wewe.

Wabudha nao wanalo jibu ambalo watu wengi hawalijui. Katika mafundisho ya kale, mtu aitwaye Sivaka alimuuliza Buddha kama ni kweli kwamba kila maumivu hutokana na matendo ya zamani. Buddha alikataa, akataja nyongo, makohozi, upepo wa mwilini, mabadiliko ya majira, ajali na mengineyo, na karma akaiweka kuwa sababu moja tu kati ya nane. Muuguzi hapo juu angekaa naye vizuri.

Niongeze jambo linaloniuma. Fundisho hili limewahi kutumiwa vibaya na watu wetu wenyewe, pale waliozaliwa katika matabaka ya chini walipoambiwa kwamba wanastahili dhiki yao kwa makosa ya maisha yaliyopita. B. R. Ambedkar, aliyeongoza kamati ya kuandika rasimu ya Katiba ya India na ambaye mwenyewe alizaliwa katika tabaka la wasioguswa, aliipinga hoja hiyo waziwazi, na mwaka 1956 aliingia katika Ubudha mjini Nagpur pamoja na maelfu kwa maelfu ya wafuasi wake. Ndiyo maana sipendi kusikia karma ikitamkwa juu ya kitanda cha mgonjwa.

Mzee wa Ilala

Mwanangu, mimi ni Mwislamu na neno karma silitumii, lakini swali lako la nani amelipwa ndilo swali lenyewe. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomtuma Muadh kwenda Yemen alimwonya aiogope dua ya aliyedhulumiwa, kwani haina pazia baina yake na Mwenyezi Mungu. Tena Kurani, katika sura ya Fatir, aya ya 45, inasema kwamba lau Mwenyezi Mungu angewachukulia watu kwa waliyoyachuma, asingeacha juu ya ardhi hata mnyama mmoja, bali anawaahirisha. Tuziweke pamoja: kilio cha mama yako kimesikiwa, na tarehe ya hukumu si yetu kuitangaza.

Ila mali ya watu hairudishwi kwa homa wala kwa kupooza. Hurudishwa kwa mali, au kwa mwenye haki kusamehe kwa hiari yake. Na hapa watu wa kikao chenu wamelala. Msimamizi anayeteuliwa na mahakama ya mwanzo hutakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni ya marehemu kwa Fomu Namba 5 ndani ya miezi 4, kisha hesabu za mgawanyo kwa Fomu Namba 6. Nenda ukaombe kuliona jalada. Kumhudumia mgonjwa na kudai haki yako ni mambo mawili, na mtu mmoja anaweza kuyafanya yote katika wiki moja.

Mwana wa Mapipa

Shukrani kwenu, na shikamoo mzee wangu wa Ilala. Jumapili nilikwenda Tandika. Baba mdogo aliponiona alilia, lakini nimeelezwa kwamba wagonjwa wa kiharusi wakati mwingine hulia bila sababu, kwa hiyo sikuyasoma machozi yale kuwa toba. Fedha za mwezi wa kwanza nimempa mama mdogo mkononi, kwa hesabu ya unga ule, na nimemwambia hivyo hivyo. Alicheka, mara ya kwanza kwa siku nyingi. Kusamehe bado sijasamehe, na jalada nitalifuata Alhamisi nikipata ruhusa kazini. Shangazi hapokei simu zangu.

Dada Muuguzi, mama mdogo anauliza: vidole vya mkono wa kulia vimejikunja kabisa. Je, amnunulie mpira wa kuminya, au aanze kwa kuvinyoosha yeye mwenyewe?