Mama anakuja Seoul siku mbili, magoti yanamsumbua: Namsan, Haneul, Seoul Forest au Yeouido?

MtuWaDaejeon

Wakuu, habari za wikendi. Nasoma huku Daejeon, mwaka wa pili sasa. Mama yangu anakuja kutoka Tanga katikati ya Oktoba, na kabla hajarudi nataka tukae Seoul Jumamosi na Jumapili. Ana miaka 64. Anatembea vizuri tu kwenye tambarare, ila ngazi anapanda kwa vituo. Majumba ya wafalme kashayakataa kwenye simu: "Nikaangalie kitanda cha mfalme kinisaidie nini?" Anachotaka ni mahali penye miti, akae, aone watu wa huko wanavyoishi, na apate picha za kurusha kwenye grupu la kina mama.

Nimechuja nikabaki na nne: Namsan, Haneul Park, Seoul Forest, na ile bustani ya mtoni Yeouido. Zote kuingia ni bure, kwa hiyo shida si pesa, shida ni magoti na muda. Tutahitaji pia mahali pa kuswali na chakula cha halali. Mliofika, ipi nianze nayo na ipi niifute?

Nyota_ya_Incheon

Futa Namsan. Nasema hivyo na mimi mwenyewe naipenda.

Watu wakiona picha ya mnara ulio juu ya huo mlima wa Namsan wanadhani ukipanda gari la kebo umemaliza. Haumalizi. Kwanza kutoka kituo cha Myeongdong hadi inapopandiwa kebo ni mlima, ingawa kuna ile lifti ya mshazari ya bure inayoanzia karibu na handaki namba 3, inasaidia. Ukishushwa juu bado kuna ngazi. Basi la 01 nalo linakushusha chini kidogo ya kilele, halafu kile kipande kilichobaki kimesimama hasa. Mlima wenyewe hauzidi sana mita 260, lakini mita za mwisho ndizo zenye maneno. Na wikendi ya Oktoba foleni ya kebo utaisimulia ukirudi.

Mnara anaweza kuuona kutoka chini, tena ndiyo unapendeza zaidi.

Mzee wa Suwon

Kijana, hongera kwa kumleta mama. Mimi niko nchi hii mwaka wa kumi na moja, nimeshatembeza wageni mpaka nimechoka, na katika hizo nne Haneul ndiyo pekee ambayo mgeni hukumbuka jina lake baada ya mwaka.

Sababu ni hii. Pale palikuwa jalala. Eneo linaitwa Nanjido, na kuanzia 1978 hadi 1993 jiji zima la Seoul lilitupa taka zake hapo, kama tani milioni 92. Kisiwa kilichokuwa tambarare kikawa vilima viwili vya uchafu. Kisha wakafunika kwa udongo, wakazuia maji machafu yasivuje kwenda mtoni, wakachimbia mabomba ya kunyonya gesi inayotoka kwenye taka zinazooza, na gesi hiyo ikatumika kupashia joto majengo ya jirani. Mwaka 2002, kabla ya Kombe la Dunia, wakafungua bustani tano kwa pamoja, na Haneul ndiyo ya juu kabisa, kama mita 98. Kule juu ni uwanda mpana umejaa nyasi ndefu zinazoitwa eoksae. Oktoba zinatoa mashuke meupe, jua la jioni likiyapiga unaona kama kilima kizima kina mvi.

Kuhusu magoti: kuna ngazi 291. MSIPANDE. Pale chini kuna vigari vya umeme, vinaitwa maengkkongi, jina la aina ya chura mdogo. Unalipa nauli kidogo, kinazunguka kilima polepole hadi juu. Juu ni tambarare, njia pana, mabenchi yapo.

Dada_Kisauni

Mzee wa Suwon shikamoo, lakini hapo kwa Jumamosi ya Oktoba sikubaliani nawe. Huo ndio msimu wa tamasha la hizo nyasi. Mwaka juzi nilienda saa 9 alasiri, foleni ya hicho kichura ilizunguka kona mbili. Nikasimama dakika hamsini na kitu na mtoto mgongoni, mwisho nikapanda ngazi kwa hasira. Kwa mama wa miaka 64 hiyo ni adhabu. Akienda, aende asubuhi mapema au asiende.

Hadithi ya jalala ni nzuri, siikatai. Sisi Mombasa tuna Haller Park kule Bamburi, machimbo ya simiti yaliyogeuzwa msitu, kwa hiyo najua raha ya kuambiwa "hapa palikuwa jangwa." Ila mgeni hakai kwenye hadithi, anakaa kwenye kivuli. Haneul kivuli hakuna! Nyasi tupu.

Mimi naweka Seoul Forest namba moja. Ni tambarare tangu unashuka kwenye treni. Kuna kituo chenye jina hilohilo la Seoul Forest kwenye laini ya Suin-Bundang, toka mlango wa 3, au Ttukseom kwa laini 2. Palikuwa uwanja wa mbio za farasi zamani, ikafunguliwa bustani 2005. Kuna miti ya kweli, kuna bwawa, kuna paa ambao kina mama wote hupenda kupiga nao picha. Watu wanatandika mikeka, wengine wana mbwa kwenye kigari cha mtoto (mwandae mama kwa hilo, wangu alidhani ni mtoto akachungulia kumsalimia).

Tahadhari moja: miti ya ginkgo. Oktoba ile ya kike inaangusha matunda, ukiyakanyaga viatu vinanuka kama mtu katapika. Majani hayageuki manjano hasa mpaka Novemba, kwa hiyo katikati ya Oktoba mnaweza kupata harufu kabla ya rangi.

chapchap_254

Cheonggyecheon je? Katikati ya mji, unashuka tu uko kwenye maji.

Mzee wa Suwon

Dada Kisauni, marahaba. Kivuli umenishika, kweli hakuna. Kofia basi.

chapchap, Cheonggyecheon ni pazuri kwa nusu saa ya jioni, siyo safari. Kisha ujue ule mto ni wa pampu. Uliwahi kufunikwa na zege, juu yake ikajengwa barabara ya kuning'inia, wakaja kuibomoa na kuufungua mto 2005. Maji mengi yanayopita pale yanasukumwa kutoka Mto Han. Sisemi ni vibaya, watoto wanachovya miguu na ndege aina ya korongo wanavua samaki. Lakini ni mfereji mwembamba kati ya maghorofa, na kushuka na kupanda ni ngazi tena, ingawa sehemu kadhaa kuna njia za mteremko.

Fundi_Sanifu

Ongeza Seoul Botanic Park kule Magok, kituo cha Magongnaru, laini 9 au treni ya uwanja wa ndege. Jumba la vioo lina mimea ya miji 12, nusu joto la tropiki, nusu ya Mediterania. Jumba na bustani ya maonyesho iliyo pamoja nalo ndivyo vya kulipia, kwingine bure. Ndani kuna mpaka mbuyu.

Nyota_ya_Incheon

Fundi, yaani mtu atoke Tanga, apande ndege mbili, alipe kiingilio akaangalie MBUYU? 😂

Fundi_Sanifu

Dada cheka tu. Januari ya kwanza niko hapa, nje nyuzi kumi chini ya sifuri, niliingia mle ndani nikavua koti, miwani ikajaa ukungu, nikasikia harufu ya udongo uliolowa. Nilikaa kwenye ukingo karibu na migomba saa nzima. Mlinzi alipita mara tatu. Oktoba sawa, siyo lazima. Ila anayeleta mzazi wakati wa baridi akumbuke.

Binti_wa_Pangani

Mbona Yeouido hamuisemi? Mama anataka kuona watu wanavyoishi, si ndiyo? Basi ampeleke mtoni. Kando ya Mto Han kuna bustani kumi na moja, na Yeouido ndiyo rahisi kuliko zote: unatoka kituo cha Yeouinaru, laini 5, hatua chache uko kwenye nyasi na maji mbele yako.

Jumamosi jioni familia zinakuja na vihema na mikeka, kama hamna mnakodi palepale. Hema lina masharti: sehemu zilizoruhusiwa tu, na pande mbili ziachwe wazi, wakaguzi wanapita. Ukiagiza chakula kwa simu, mwenye pikipiki anakuja kwenye kituo maalumu cha kupokelea, hakutafuti mkeka kwa mkeka. Halafu zile mashine za tambi nje ya maduka! Unanunua pakiti na bakuli la foili, unabandika kwenye jiko, unabonyeza, maji yanamiminika yenyewe na yanachemka mbele yako, unakoroga. Kwa mama wa Kiislamu tatizo ni unga wa mchuzi, mara nyingi una nyama, na wakati mwingine ni nguruwe. Soma pakiti au omba inayosema haina nyama kabisa. Mimi huwa nabeba chapati zangu.

Vyoo ni bure na safi, udhu utapata. Kuswali mimi hutandika kitambaa nyuma kidogo ya miti, hajawahi kunisumbua mtu. Mapipa ya taka ni machache, beba mfuko wako.

Kwa msikiti kamili, Itaewon. Upo tangu 1976, na mtaa unaopanda kwenda huko umejaa mikahawa ya halali, Waturuki, Wapakistani, hata Wamisri. Ila mtaa nao ni mlima. Kwa mama chukueni teksi mpaka getini.

Mzee wa Suwon

Sasa basi sikiliza, maana jiografia inakusaidia. Itaewon iko laini 6. Ukitoka hapo laini hiyohiyo inakufikisha World Cup Stadium bila kubadili, chini ya nusu saa hivi, na ndipo kwa Haneul. Au ukishuka Gongdeok ukachukua laini 5, vituo viwili uko Yeouinaru. Msikiti ndio uwe katikati ya ramani yenu, siyo mnara.

MtuWaDaejeon

Wakuu asanteni sana. Mmenifungua macho, hiyo ya laini 6 sikuijua. Namsan nimefuta. Nitarudi na mrejesho.

MtuWaDaejeon

Wakuu, mrejesho kama nilivyoahidi, samahani nimechelewa, mitihani.

Jumamosi tulishuka Seoul Station, tukaenda Itaewon, teksi mpaka getini kama mlivyosema. Dereva alishangaa safari ilivyo fupi, nikamwonyesha magoti ya mama, akacheka akampa pipi. Adhuhuri tukaswali, tukala wali na mbuzi, kisha Yeouido. Binti wa Pangani, chapati zilikuwepo, mama alizipika Daejeon saa 11 alfajiri kwenye jiko langu dogo la umeme. Tukakodi mkeka.

Zile mashine za tambi ndizo zilizomshika. Hatukununua, alisimama tu pembeni akiangalia watu. Kila namba za sekunde zikihesabu kushuka yeye anazihesabu kwa sauti. Kijana mmoja akamkaribisha abonyeze yeye. Akabonyeza, maji yakatoka, akarudi nyuma hatua mbili akasema "Hii nyumbani ingeibwa usiku wa kwanza."

Jumapili tulifika Haneul kabla ya saa 3 asubuhi. Foleni ya kichura ilikuwa watu kumi na wawili, nilihesabu. Dada Kisauni, shukrani zote kwako, maana tulipokuwa tunashuka saa 6 ilikuwa imefika barabarani. Kofia ilihitajika.

Nilimwambia habari ya jalala tukiwa tayari juu. Hakuniamini. Akapiga mguu chini, mara mbili, kama anayepima sakafu ya nyumba ya kupanga. "Taka ziko hapa chini?" Nikamwonyesha mabomba ya gesi. Akanyamaza kidogo, akasema wangeleta hiyo akili dampo la kwetu. Kisha akakaa kwenye benchi na bibi mmoja wa Kikorea aliyekuwa anamenya tunda linaloitwa gam kwa kisu kidogo, anakata vipande, anampa. Mama akatoa chapati iliyobaki. Wakakaa saa nzima na zaidi, kila mmoja anaongea lugha yake, wanashikana mikono. Mimi nikawa mpiga picha.

Seoul Forest hatukufika. Nilimwambia kuna paa, akasema paa ataniachia mimi, ye amekaa.

Picha zikarushwa grupuni. Mama mdogo wangu, yuko Muheza, akajibu ndani ya dakika: "Dada yaani umeenda Korea kupiga picha kwenye mabua?" Mpaka leo wanabishana kama ni matete au miwa.

Mzee wa Suwon

Mwambie mama mdogo hajakosea sana. Eoksae na muwa ni ukoo mmoja.