TUPEANE UZOEFU: Ulijifunzaje kupanga aya za Kiingereza mpaka zikasomeka?

Mwanzisha uzi, Arua

Wadau habari za jioni. Juzi mtoto wa dada yangu, yuko S3 (kidato cha tatu), karudi na insha yake, mwalimu kaizungushia wino mwekundu ukurasa mzima halafu pembeni kaandika maneno mawili tu, "poor paragraphing", yaani aya zimepangwa vibaya, basi. Spelingi safi, tenses ziko sawa. Mtoto ananiuliza anko hapa narekebisha nini sasa, na kwa kweli ile karatasi haimwambii. Ndo nikaona tukusanye hapa, maana wengi wetu tumekulia Kiswahili, wengine kwenye baraksi, wengine sokoni, wengine settlement ya wakimbizi, halafu kuanzia P4 (darasa la nne) masomo yote ni Kiingereza mpaka mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la Uganda, mpaka barua ya kuomba kazi. Kutunga sentensi tunafundishwa sana. Kuzikalisha sentensi pamoja ziseme jambo moja, hapo kila mtu anajitafutia njia yake.

Naanza mimi. Niliajiriwa na shirika moja huku West Nile kuandika ripoti za kila wiki, maji, chakula, watu waliovuka mpaka. Bosi wangu wa kwanza, mama mmoja Mlugbara mwenye subira sana, hakuwa anahangaika na Kiingereza changu. Anashika ripoti, anaweka kidole juu ya aya, anauliza kwa Kiswahili "hii inasema nini?" Ukimjibu kwa sentensi moja anapita. Ukianza "inasema visima viwili vimeharibika, alafu pia kuna mambo ya walimu, alafu..." anakurudishia. Nikaanza kujiuliza mwenyewe kabla sijampelekea, kila aya naandika pembeni kwa penseli sentensi moja ya Kiswahili. Ikikataa kuingia kwenye sentensi moja basi hizo ni aya mbili zimebanana, kata. Ikitoka sentensi ileile ya aya ya juu, unganisha. Na hiyo ya penseli ukiiandika Kiingereza ukaiweka mwanzoni, mara nyingi ndo sentensi kuu uliyokuwa unaitafuta, ile inayosema aya nzima inahusu nini. Mpaka leo nafanya hivyo, hata emeli ndefu.

Nyie je?

Mwalimu wa Bweyale

Mada nzuri sana hii. Nafundisha English, na naomba wazazi muelewe kwamba jambo hili linaanza mapema, kwenye PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kuna lile swali la sentensi zilizochanganywa, mtoto azipange ziwe hadithi. Watoto wengi wanalipanga kwa kubahatisha. Mimi nalifundishia na makasi: naandika sentensi kwenye karatasi, nakata vipande, nawapa watatu watatu wapange juu ya deski halafu kila kundi linitetee KWA NINI hii imetangulia ile. Hapo kwenye "kwa nini" ndo wanajifunza. Mfano, vipande vinne:

"Last month, however, they agreed to build a fence."
"A woman in our village keeps goats."
"Because of this, the two families no longer greet each other."
"The goats eat her neighbour's maize every season."

Angalieni kazi inavyofanyika. Mbuzi mara ya kwanza wanaingia bila "the", "goats" tu, wakirudi mara ya pili wanakuwa "the goats", kwahiyo sentensi ya mahindi haiwezi kutangulia ile ya mama. "This" inashika kitu kilichokwisha kusemwa, yaani kula mahindi. "The two families" haieleweki mpaka jirani awe ametajwa. "They" inashika familia, na "however" inakuambia mambo yanageuka, walikuwa hawasalimiani sasa wamekubaliana. Mtoto akiona hivi vishikizo anaacha kubahatisha.

Shida ya wanetu ni hiyo a na the, kwasababu Kiswahili hakina. Lakini tuna njia yetu na mimi naitumia darasani kila siku: ungekuwa unasimulia kwa Kiswahili, mara ya pili ungesema "mbuzi" au "wale mbuzi"? Ukisema wale, weka the. Siyo sheria ya kila mahali ila inawavusha wengi, na ukishaweka hizo kamba sentensi zinaanza kushikana zenyewe.

Wa Bukavu, sasa Nakivale

Asanteni ndugu zangu. Mimi shule yangu ni ya Kifaransa, nilifika hapa Uganda nikiwa nimemaliza sekondari kule Congo. Watu wanadhani ukihama lugha unabadilisha maneno tu. Sisi kwenye disertasio, ile insha ya hoja ya shule za Kifaransa, tulifundishwa kuleta swali kwanza, tunalitazama upande huu, tunalitazama upande wa pili, jibu lako linakuja mwishoni na hapo ndo uzuri wenyewe. Nikaingia kozi hapa, mwalimu wa Kiingereza anasoma aya zangu anasema nakusubiri, bado nakusubiri. Alitaka jambo nililokusudia liwe juu kabisa, ushahidi ndo ufuate.

Kilichonisaidia ni kugeuza aya juu chini, siongopi. Naandika kama nilivyozoea, nikimaliza nachukua sentensi ya mwisho naipandisha iwe ya kwanza, halafu nafuta yale maswali ya kuzunguka. Mara nyingi aya inabaki nusu na inasomeka vizuri zaidi. Sasa wadogo zangu hapa settlement wanaotoka shule za Kifaransa nawaonyesha hivyo hivyo, ila nawaambia pia wasidharau walichofundishwa, ule mpango wa kutazama pande mbili unawasaidia kupanga insha nzima, ndani ya aya tu ndo wabadilishe.

Nilikuwa pia nasoma sana magazeti, New Vision na Daily Monitor, nione aya zao zimekaaje.

Mwalimu wa Bweyale

@Wa Bukavu hapo kwenye gazeti niongeze neno, maana wanafunzi wangu wengi wanafanya hivyo halafu wanaleta insha ambayo kila sentensi ni aya. Habari za gazeti zinakatwa fupi fupi makusudi, safu ni nyembamba, aya ya sentensi tano ingejaza safu nzima na msomaji angechoka. Kwahiyo kurasa za habari zinafaa kujifunza maneno na jinsi ya kutanguliza jambo kubwa. Kwa aya, fungua ukurasa wa maoni, kule watu wanajenga hoja, na aya zao ziko karibu zaidi na insha ya shule.

Mstaafu

Vijana nawasoma. Jeshini Kiswahili ndo ilikuwa lugha yetu ya kazi, amri Kiswahili, hadithi Kiswahili, lakini karatasi ikienda juu ni Kiingereza. Sasa nasimamia walinzi hapa Jinja na kila tukio lazima liandikwe, kuna kitabu cha OB (Occurrence Book, cha kuandikia matukio) na kuna ripoti inayokwenda kwa mteja.

Nataka nipingane kidogo na mwanzisha mada. Hiyo ya sentensi kuu mwanzoni ni sawa kama unaeleza jambo, lakini ripoti ya tukio inatembea na saa. Mlinzi anaandika: saa nane usiku nimesikia kioo kinavunjika upande wa stoo, nikamwita mwenzangu kwa redio, tukaenda. Hapo sentensi kuu iko wapi? Haipo na haihitajiki. Mimi nawafundisha walinzi wangu mambo matatu, muda ukiruka anza aya mpya, mahali pakibadilika anza aya mpya, mtu mwingine akianza kutenda anza aya mpya. Basi. Mlinzi ambaye hajafika S4 anaandika ripoti ambayo wakili anaisoma bila kumpigia simu kumuuliza nani alifanya nini. Kabla ya hapo zilikuwa zinakuja ripoti za aya moja kuanzia kupokea zamu mpaka asubuhi, mwizi na chai ya saa nne vyote vimo humo humo.

Mwanzisha uzi, Arua

Afande hapo umenifungua macho, ile ya kwangu ni ya ripoti za kueleza hali, ya kusimulia ina mwendo wake.

Wa Kampala, chuo

Mzee wetu yuko sahihi na hata walioandika hizi sheria walikuwa na tahadhari. Alexander Bain, Mskoti aliyekuwa profesa Aberdeen, ndo mmoja wa wa kwanza kuweka kanuni za aya ya Kiingereza kwa mpangilio, 1866. Alisema sentensi ya kufungulia inatarajiwa ionyeshe aya inahusu nini, LAKINI akatoa ruhusa, kama ni wazi kwamba sentensi hiyo ni ya kutayarisha tu basi siyo lazima. Walimu waliomfuata wakabeba kanuni wakaacha ruhusa. Halafu 1974 Mmarekani Richard Braddock akachukua makala za waandishi wazoefu kwenye majarida ya kwao akahesabu, akakuta ni kama asilimia 13 tu ya aya zinazoanza na sentensi kuu. Yaani wataalamu wenyewe hawafanyi hivyo kila mara.

Hata hivyo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akinijia simwambii "hata wakubwa hawafanyi". Msahihishaji ana rundo la karatasi mezani, anatafuta hoja yako, mpe juu ajue anasoma nini. Ukishakuwa na mkono mzuri utajua pa kuiachia katikati au mwishoni. Naona wanafunzi wengi wenye akili sana, mawazo wanayo, tena mazito, lakini yamezama sentensi ya saba na alama zinapotea, inauma kwa kweli.

Na urefu, naulizwa sana aya iwe na sentensi ngapi. Hakuna idadi. Jiulize nimesema jambo, nimelitolea mfano au ushahidi, nimeeleza huo mfano unathibitishaje? Hiyo ya tatu ndo inarukwa mara nyingi, mtu anatupa mfano anakimbilia aya nyingine.

Binti wa S6

Mimi naandika GP (General Paper, somo la insha) mwaka huu. Tulikuwa tumekaririshwa moreover, furthermore, in addition, basi kila sentensi inaanza na mojawapo. Mwalimu wetu mpya akatuambia chukueni penseli mfute zote kwenye insha zenu, halafu msome. Kama sentensi mbili bado zinaelewana bila hilo neno, liache limefutwa. Kama zimeachana, rudisha, na uchague linalosema ukweli, however kama unapinga, therefore kama ni matokeo. Banange zilibaki chache sana! Na pale ambapo hakuna neno lililofaa ndo niligundua sentensi zenyewe hazikuwa na uhusiano, moreover ilikuwa inaziba shimo.

Mama wa Busia

Nimesoma yote mpaka hapa, mbarikiwe. Mimi nauza nyanya hapa Busia, shule sikufika mbali lakini mtoto wangu yuko P7 na nataka aandike vizuri. Mwalimu naomba umwangalizie hii, nimeinakili kwenye daftari lake vile ilivyo:

"On Saturday we go to the market with my mother. The market has many people from Kenya. My uncle stays in Tororo. My mother sells tomatoes and she starts at five. School fees is a problem. When it rains the tomatoes get spoilt."

Mwalimu wa Bweyale

Mama pole na kazi, na mtoto ana mambo ya kusema, hilo ndo gumu zaidi na analo tayari. Muulize swali la mwanzisha mada, hii inasema nini? Naona mambo mawili yenye nguvu, saa kumi na moja na mvua. Yote yanasema kazi ya mama ni ngumu. Basi hiyo iwe ya kwanza. Wa Kenya wabaki kama tu wanahusika na ugumu wenyewe, anko wa Tororo apumzike kabisa. Fees isitupwe, ni jambo zito, ila ni aya yake ya pili. Nimejaribu hivi:

"Selling tomatoes in Busia is hard work. My mother starts at five, when the road is still dark. She carries the boxes herself. When it rains, the tomatoes get spoilt and she sells them at half price."

Asinakili, aandike ya kwake akiwa ameona hii.

Mama wa Busia

Nimemsomea. Amesema siyo kweli, boksi sibebi mimi, kuna kijana wa mkokoteni. Amefuta hiyo yako ameandika "A young man with a cart carries the boxes and she must pay him before she sells anything."

Mwalimu wa Bweyale

Aiache hivyo hivyo, ni nzuri kuliko ya kwangu! Ona "before she sells anything", hapo ugumu umeonekana wenyewe. Sasa aanze aya ya pili, sentensi ya kwanza iseme mama anaendelea na kazi hiyo kwa sababu gani, fees ziingie hapo. Akimaliza iweke hapa tuione.