Msaada: modeli yangu inapata 98% lakini msimamizi hanitilii sahihi

MtotoWaKibuye: Wadau, habari zenu. Niko Kisumu, nasoma uzamili. Nimefunza modeli ya kompyuta itambue mahindi yenye ugonjwa kwa picha za majani, tena za shambani, si za kuokota mtandaoni. Usahihi ni asilimia 98. Msimamizi anataka metadata: kila picha ilipigwa lini, wapi, kwa simu gani. Picha si picha tu? Nimjibuje bila kumvunjia heshima? Nawasilisha Ijumaa.

OmwamiWaButere: Mahindi yakiugua ng'oa, choma. Ule ugonjwa wa virusi ulipoonekana Bomet 2011, jirani yangu alisema ni ukosefu wa mbolea. Msimu huo alinunua unga dukani.

NyarKisumo: Picha za yenye ugonjwa na za mazima zilipigwa na simu moja?

MtotoWaKibuye: Hilo linahusu nini? Modeli haisomi jina la simu. EXIF zote, zile taarifa za simu, saa na mahali zinazohifadhiwa ndani ya faili la picha, nimefuta, faragha ya wakulima.

NyarKisumo: Haihitaji jina. 2015 mtafiti Doersch na wenzake walifunza mtandao wa neva (aina ya modeli kama yako) ubashiri kipande kimoja cha picha kimekaa upande gani wa kingine. Ukashika kasoro za rangi zinazoachwa na lenzi, ukabashiri kwa hizo. Na 2016, modeli iliyofunzwa kwa PlantVillage, mkusanyiko wa picha za majani ya mimea, ilipata 99.35%, ikapewa picha zilizopigwa katika mazingira mengine ikaporomoka hadi kama 31. Jibu swali.

MtotoWaKibuye: Sawa. Yenye ugonjwa alipiga binamu yangu Mumias, kwa simu yake. Mazima nilipiga mwenyewe huku Kano. Lakini jani ni jani! Mahindi yameshavunwa, na ada ya mkutano nimelipa.

MwalimuMstaafu: Mnataka digrii kabla chai haijachemka. Enzi zetu msimamizi akikohoa unaandika upya sura nzima.

KaratasiTupu: Huu uzi umetungwa. EXIF zimefutwa, mahindi yamevunwa, binamu yuko mbali. Juzi kuna mwingine alileta hadithi hii hii, ya samaki wa Dunga.

MtotoWaKibuye: Nitunge nipate nini, ndugu? Picha asilia ziko kwa simu ya binamu.

NyarKisumo: Basi azitume kama faili, asizitume WhatsApp kama picha za kawaida, EXIF zitapotea. Ila kwako simu na ugonjwa ni kitu kimoja, metadata peke yake haitavitenganisha. Mwombe picha za mahindi mazima alizopiga kwa simu ile ile. Modeli ikidai yanaumwa, ujue imejifunza simu.

MtotoWaKibuye: Anazo tatu, alipiga harusini, nyuma kuna shamba.

NyarKisumo: Na modeli inasemaje?

MtotoWaKibuye: Zote tatu, ugonjwa. Lakini tatu ni chache mno, na siku hiyo jua lilikuwa kali. Siwezi kutupa kazi ya mwaka kwa picha za harusi.

KaratasiTupu: Sasa nimeanza kuamini. Mtu hawezi kutunga ubishi namna hii.

OmwamiWaButere: Harusi gani hiyo Mumias ambayo sikualikwa?